Paa Lavuja, Kodi Yadaiwa

Tarehe tano haijapata kuchelewa katika mitaa yetu. Mvua yaweza kuchelewa, mshahara waweza kuchelewa, na gari la kuzoa taka laweza lisionekane tangu Krismasi hadi Pasaka; lakini tarehe tano hufika siku yake, na pamoja nayo hufika msimamizi wa ploti, daftari kwapani. Hubisha mlango ambao bawaba yake moja iling'oka mwaka jana. Huruka majitaka yaliyotuama mbele ya kizingiti. Akiingia huona karai sakafuni likikinga maji ya paa, huona ukuta uliogeuka mweusi kwa kuvu, huona mtoto anayekohoa. Huyaona yote hayo, kwa kuwa si kipofu, kisha huuliza swali moja tu.

Twaandika juu ya swali hilo, na juu ya swali jingine ambalo mpangaji hathubutu kumrudishia: hiyo kodi ni ya nini?

Katika mvua za masika zilizopita tulikwenda, wanne wetu, kumjulia hali mama mmoja wa jumuiya yetu ambaye hakuwa ameonekana kanisani kwa majuma matatu. Hatutaji mtaa wala ploti, kwa sababu bado anaishi humo. Chumba chake ni futi 10 kwa 10, katika orofa ya juu kabisa, na hulipa shilingi 4,500 kila mwezi, maji mbali. Kitanda kilikuwa kimesogezwa hadi katikati ya chumba kwa kuwa ukuta wa nyuma ulikuwa ukitiririka. Vyumba 16 vya orofa ile hutumia choo kimoja, na siku ile kilikuwa kimeziba. Mwanawe wa pili ana pumu; karatasi za zahanati tulionyeshwa, zimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki ili zisilowe. Alikuwa amemweleza msimamizi habari ya paa mara tatu. Jibu la mara ya tatu alitukariria bila hasira, kama asomaye tangazo: nyumba ikiwa haikufai, hama, wanaoitaka ni wengi.

Hama. Neno hilo twalikumbuka. Mwaka 1990, wale waliothubutu kusema kwamba nchi hii yahitaji vyama vingi waliambiwa hivyo hivyo, kwamba kama Kenya haiwafai, milango ya kutokea iko wazi. Aliyesema hivyo alidhani nchi ni ploti yake na sisi ni wapangaji wake. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, chama kimoja kikapoteza ukiritimba wake, na Katiba mpya ikapatikana mwaka 2010. Lakini lile neno halikufutwa. Liliteremka tu kutoka Ikulu likaingia katika daftari la msimamizi wa ploti.

Je, ndiyo sheria? Ndivyo wapangaji wengi wanavyoamini. Huamini kwamba mwenye nyumba ana chumba, mpangaji ana fedha, na baada ya kubadilishana hakuna anayemdai mwenzake kitu. Hata wasomi wetu, hata baadhi ya mawakili wanaoketi nasi kanisani, husema kwamba mpangaji asiye na mkataba wa maandishi hana haki yoyote. Twawaomba wafungue Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65. Humo imeandikwa kwamba katika kila upangishaji kuna ahadi ambazo mwenye nyumba huhesabiwa kuwa amezitoa, hata kama hakufumbua kinywa. Mojawapo ni kwamba nyumba, orofa au chumba kinachopangishwa kwa makazi chafaa kukaliwa na binadamu siku upangishaji unapoanza, na kwamba kitadumishwa katika hali hiyo muda wote wa upangishaji. Nyingine ni kwamba pale ambapo ni sehemu tu ya jengo iliyopangishwa, yaani ndiyo hali ya kila ploti Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret, ni juu ya mwenye jengo kutengeneza paa, kuta za nje, mitaro mikuu na njia za kupitia watu wote. Sheria imetaja paa. Haikusema mpangaji anunue mabati.

Na hoja ya kwamba hakuna maandishi haina nguvu, kwa maana sheria hiyo hiyo yakubali kwamba upangishaji wa muda mfupi waweza kufanywa kwa mdomo. Yule mama aliyekubaliana na msimamizi mlangoni, akatoa kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, akapewa ufunguo, anayo ahadi ya paa. Hakupewa kama fadhili. Alipewa na sheria, na kila tarehe tano huinunua upya.

Kuna sehemu nyingine ya kifungu hicho ambayo twaona imefichwa kuliko zote. Nyumba ikiharibiwa kwa moto, mafuriko, dhoruba au msiba wa namna hiyo usiosababishwa na uzembe wa mpangaji, hata isiweze kukaliwa, yote au sehemu yake, basi kodi, au kiasi cha kodi kinacholingana na uharibifu, husimama hadi nyumba itakapofaa tena. Ikipita miezi sita bila kutengenezwa, mpangaji aweza kuuvunja upangishaji kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja. Sasa, msomaji, kumbuka Aprili na Mei za mwaka 2024, mito ya Nairobi ilipofurika na watu wa Mathare wakalala juu ya mapaa. Serikali ilitangaza shilingi 10,000 kwa kila jamaa iliyoondolewa kando ya mito, kisha ikaleta matingatinga. Ni wangapi kati ya wale walioambiwa na yeyote, awe chifu, mbunge au mchungaji, kwamba kodi ya Mei hawakuwa wakidaiwa? Hatukumsikia hata mmoja. Sisi wenyewe hatukuwaambia. Tuligawa blanketi.

Juu ya sheria hiyo iko Katiba. Ibara ya 43 yampa kila mtu haki ya makao ya kutosha yanayofikika, na viwango vya haki vya usafi, na maji safi. Wako wanaoicheka Ibara hiyo, wakisema ni ahadi ya mbinguni, maana Serikali haina fedha. Lakini Ibara ya 20 imeshawajibu: Serikali ikidai haina uwezo, ni juu yake kuthibitisha kwamba haina. Na Januari 2021, katika kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, ambao nyumba zao zilibomolewa Novemba 2011, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba haki ya makao ni haki ya kudaiwa mbele ya majaji. Tena twasema kwamba kumlazimisha mwenye ploti kuziba paa hakuigharimu Hazina ya taifa hata senti moja. Fedha za mabati yale zilikwisha kutolewa, zimo katika daftari, zimetiwa alama ya vema kwa kalamu nyekundu.

Na kabla ya Katiba hii, kabla hata ya uhuru, ilikuwako Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyotungwa mwaka 1921. Sheria hiyo yahesabu nyumba iliyo chafu, mbovu au yenye wadudu kiasi cha kudhuru afya kuwa kero ya kuondolewa kwa amri. Afisa wa afya aweza kumpa mwenye nyumba notisi. Akikaidi, hupelekwa mbele ya hakimu. Miaka zaidi ya 100 imepita tangu sheria hiyo iandikwe, na tangu mwaka 2013 kazi hiyo imo mikononi mwa kaunti, yaani karibu nasi kuliko wakati wowote. Tumewauliza wapangaji wa mitaa mitatu kama wamewahi kumwona afisa wa afya akikagua chumba cha kupanga. Wanamjua. Hukagua vibanda vya mama wauza chapati.

Basi ikiwa sheria zipo, mbona paa lavuja?

Jibu la kwanza ni kwamba sheria zetu hazikimbii kwa mwendo mmoja. Iko Sura ya 293, inayomruhusu mwenye nyumba akidai kodi iliyochelewa amtume dalali aliyesajiliwa akakamate mali ya mpangaji. Hiyo hukimbia. Twaijua kwa magurudumu ya mkokoteni unaobeba televisheni, meko ya gesi na cherehani kabla ya jua kutua. Upande wa pili kuna Sura ya 296, Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, ya mwaka 1959, iliyounda baraza maalumu la kusikiliza malalamiko ya wapangaji na kulipa uwezo wa kuamuru matengenezo. Sheria hiyo ni nzuri, ila inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Shilingi 2,500! Kiasi hicho kiliwekwa wakati karani aliweza kupanga nyumba nzima kwacho. Leo chumba cha mabati kisicho na dirisha katika mitaa mingi ya jiji kimeshakipita. Bunge ambalo limejua kurekebisha mishahara yake kila mara bei zinapopanda halijaona kwamba kiasi hicho nacho kilipaswa kupanda. Mswada wa mwaka 2021 uliokusudiwa kuzikusanya sheria hizi za kodi katika sheria moja uliishia njiani. Waheshimiwa wangapi wana ploti? Hatusemi. Twauliza tu.

Jibu la pili ni gumu zaidi, na hapa twaomba wapenda mageuzi wenzetu watuvumilie, maana si wote wataridhika nalo. Sheria inapoamka hatimaye, humwangukia mpangaji. Nyumba ikitangazwa kuwa haifai, anayetolewa humo ni nani? Mhandisi huja na kopo la rangi nyekundu, huchora alama ya X ukutani, na tangu dakika hiyo wapangaji huambiwa waondoke. Amana yao hairudi. Kodi ya mwezi waliyoilipa juzi hairudi. Huenda wakapanga katika ploti nyingine ya mtu yule yule. Kwa sababu hiyo wapangaji wenyewe huificha alama ile kwa kanga zilizoanikwa, na tumeona kwa macho yetu X iliyopakwa chokaa na watu wanaolala chini ya boriti zilizopasuka. Hawakuwa wajinga. Walipima hatari mbili wakachagua ile iliyo mbali.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la orofa sita lilianguka Huruma, kando ya mto. Watu wapatao 50 walikufa. Mtoto mchanga aliopolewa akiwa hai baada ya siku kadhaa chini ya kifusi, na taifa zima likashangilia, kama kwamba mtoto yule alikuwa amepotea msituni. Jengo lile halikuwa na kibali cha kukaliwa, na lilikuwa limeshaorodheshwa libomolewe. Waliokuwa humo walikuwa wapangaji wanaolipa. Juni 2017 lilianguka jingine Kware, Embakasi, ambako wakazi walikuwa wamekwisha kuonywa waondoke baada ya nyufa kuonekana. Watu wetu wana methali ya ufa na ukuta, nasi huipenda sana kuitumia katika hotuba. Lakini methali ile ilimwonya mwenye ukuta. Mpangaji hana ukuta wa kujenga. Ana mwili wake tu, nao ndio uliozikwa.

Twadai nini basi? Twadai kwamba amri ya kwanza iwe ya matengenezo, isiwe ya kufukuza. Ikiwa jengo haliwezi kutengenezwa huku watu wamo, basi mwenye jengo arudishe amana na kodi ya mwezi ule kabla ya mlango kufungwa, na kaunti imdai yeye gharama za makao ya muda. Twadai pia jambo dogo ambalo bila hilo mengine yote ni maneno matupu. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi, kwa sheria ilivyo leo, aweza kuondolewa kwa notisi ya mwezi mmoja pasipo sababu. Mpe haki ya paa, lakini mwachie mwenye nyumba uwezo wa kumfukuza aliyeitaja haki hiyo, nawe hujampa kitu. Notisi itolewayo kwa sababu mtu amelalamika juu ya choo au ukuta yapasa iwe batili. Sura ya 296 tayari yahesabu kuwa kosa la jinai kumsumbua mpangaji kwa nia ya kumlazimisha ahame. Kinga hiyo na ienezwe kwa wapangaji wote, hata wa shilingi 4,500, hata wa 20,000.

Twasema yafanywe kwa sheria, wala yasifanywe kwa tamko la jukwaani, na tuna sababu. Mwishoni mwa mwaka 2001 Rais Moi alisema hadharani kwamba kodi za Kibera zilikuwa juu mno na zapaswa kushushwa, na Raila Odinga, mbunge wa Lang'ata aliyekuwa waziri wakati huo, akaunga mkono. Hakuna baraza lililoketi, hakuna kiwango kilichoandikwa, hakuna afisa aliyetumwa kukagua mabati. Neno lilitupwa katikati ya watu, na kwa kuwa wenye nyumba wengi walikuwa Wanubi na wapangaji wengi Waluo, kabla ya Krismasi madai ya kodi yalikuwa yamegeuka vita vya kabila. Watu waliuawa, wanawake walinajisiwa, nyumba zilichomwa, maelfu wakakimbia. Paa halikuzibwa hata moja. Aliye mpangaji halisi akajikuta akipigana na mjane mwenye vyumba vitatu, ilhali mwenye vyumba 300, asiyekaa Kibera na ambaye hajawahi kukanyaga tope lake, aliendelea kupokea kodi.

Tumemtaja mjane, na twataka kumtendea haki. Si kila mwenye nyumba ni mnyakuzi. Wako waliojenga kwa mafao ya kustaafu, waliokopa, wanaotozwa kodi ya mapato kila mwezi, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi wanayokusanya. Hao hutuambia kwamba wakitengeneza watalazimika kupandisha. Twawajibu kwa heshima: chumba kinachovuja tayari kimepandishwa bei, maana mpangaji hulipa kodi kamili kwa nusu ya chumba, kisha hulipa zahanati. Na kwa Serikali twasema kwamba ikiwa yaweza kuzihesabu ploti ili izitoze, haiwezi kudai kwamba haijui ziliko ili izikague. Wala isimkate mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba nafuu za kesho, chini ya sheria ya Machi 2024, huku ikigeuza uso isione nyumba anamolala leo.

Sasa twageukia kwetu, yaani kanisani, na hapa hatutamung'unya maneno.

Mei 1990, Tume ya Jiji ilipobomoa Muoroto, viongozi wa dini hawakunyamaza. Novemba mwaka ule ule, Kibagare ilipobomolewa na maelfu kutupwa nje, walisema tena. Maina Wanjigi, mbunge wa Kamukunji, alilalamika akafukuzwa uwaziri. Lakini mimbari hazikufukuzika. Majuma machache tu baada ya Muoroto ilikuja Saba Saba, katika uwanja wa Kamukunji, na wengi waliokimbizwa na polisi siku ile walikuwa watu wasio na paa wa kuliita lao. Mageuzi ya nchi hii yalizaliwa jirani sana na vyumba vya kupanga. Twajivunia historia hiyo, na kila mwaka huikumbuka kwa ibada.

Lakini tingatinga ni rahisi kulilaani. Laja mchana, lina kelele, limetumwa na Serikali. Kuvu huja usiku bila kelele, na aliyeileta huenda ameketi safu ya mbele. Mwenye ploti anamoishi yule mama ni muumini mwenzetu. Mwaka juzi, katika harambee, alitoa mabati yote ya paa la kanisa letu. Tulimpigia makofi. Sisi tunaoandika maneno haya tulitia sahihi barua ya shukrani. Paa la kanisa letu halivuji.

Hatukuwa tukijua, tulijiambia, tuliporudi kutoka chumbani kwa yule mama. Mmoja wetu akafungua Mambo ya Walawi, sura ya 14, sura ambayo wahubiri huiruka kwa kuwa yazungumza juu ya ukoma. Nusu yake yahusu ukoma wa nyumba: mabaka yaliyoingia ndani ya ukuta. Kuhani huitwa. Kabla hajaingia huamuru vitu vyote vitolewe nje, ili mali ya waliomo isije ikahesabiwa najisi pamoja na nyumba. Na hapo twaona sheria iliyomkumbuka mwenye sufuria kuliko sheria zetu. Huukagua ukuta kwa macho yake. Huifunga nyumba siku 7, hurudi, huamuru mawe mabovu yang'olewe na mengine yatiwe, kuta zikwaruzwe na kupigwa lipu upya. Ugonjwa ukirudi, nyumba huvunjwa. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, yamtaka ajengaye nyumba mpya aweke ukingo darini, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Kuhani, basi, alikuwa mkaguzi wa majengo. Hakuna palipoandikwa kwamba aulize kwanza mwenye nyumba alitoa sadaka kiasi gani.

Baada ya mabishano yaliyodumu jioni mbili, na ambayo baadhi ya wazee wetu hawajatusamehe, kamati iliamua mambo machache. Kila jumuiya itakuwa na watu wawili watakaokwenda na mpangaji yeyote anayetaka kulalamika, ili asiende peke yake. Malalamiko yataandikwa, yatiwe tarehe, nakala ibaki kwa mpangaji na nyingine kwetu. Picha zipigwe kwa simu, na risiti au ujumbe wa M-Pesa wa kodi usifutwe. Hatumshauri mtu azuie kodi kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa maana Sura ya 293 itamfikia kabla ya hakimu hajamsikia. Apate amri kwanza. Aliye chini ya kiwango cha 2,500 aende katika baraza la kodi. Wengine waende kwa afisa wa afya wa kaunti ndogo, na kutoka hapo kortini. Aliyenyimwa amana yake aijue Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na yatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Tena, harambee ijayo, mfadhili yeyote mwenye ploti atatembelewa kabla ya jina lake kusomwa.

Kwa mwenye ploti ile tuliandika barua. Tulitaja kifungu cha 65, tukataja paa, choo na ukuta, tukamwomba kwa heshima, kama ndugu katika imani, atengeneze katika siku 21. Siku ya nne mama alipewa notisi ya mwezi mmoja ya kuhama. Haikutaja sababu, wala sheria haikumtaka aitaje. Notisi hiyo, pamoja na barua yetu na karatasi za zahanati, tumezipeleka kwa afisa wa afya, ambaye aliahidi kuja Jumanne, akaja Alhamisi, akaandika mengi. Twangoja alichoandika. Mama amesema hahami kabla ya muda wa notisi kwisha, na kodi ameilipa mapema ili asikutwe na deni. Tarehe tano ijayo msimamizi akibisha ule mlango wa bawaba moja, atatukuta ndani, wote wanne, tumekalia kitanda kilicho katikati ya chumba.